Mkono umevunjika, kesi imefutwa: jibu kwa dada wa Texas

Swali: "Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, huu ni mwaka wangu wa 9 hapa Texas. Mdogo wangu wa kiume anatumikia kifungo katika gereza la jimbo. Miezi 19 iliyopita alisukumwa na askari, akaangukia mkono, ukavunjika kwenye kifundo. Zahanati ya gereza ilimpa vidonge vya maumivu tu. Eksirei alikuja kupigwa baada ya wiki 7, na mfupa umeunga vibaya mpaka leo. Alipopata nafuu alijaza fomu ya malalamiko, ikarudishwa kwamba amechelewa. Akaandika kesi kwa mkono wake katika mahakama ya shirikisho, akalishtaki jimbo, idara ya magereza, askari yule na nesi. Wiki 2 zilizopita jaji ameifuta. Amri ina kurasa 9, na mkono umetajwa kwenye aya moja tu. Mwisho wameandika 'dismissed without prejudice'. Na bado wanamkata pesa. Je, jaji amemwona mdogo wangu mwongo? Nimfungulie kesi nyingine kwa jina langu? Kwetu tunaambiwa mahakama haifungwi na mambo ya kiufundi, huku ni vipi? Anategemea kutoka baada ya miezi 3 na sitaki atoke na kinyongo hiki."

Marahaba, dada, na pole sana.

Nianze na lile linalokuuma. Jaji hajasema mdogo wako ni mwongo. Hajasema ni mkweli pia. Nimezisoma zile kurasa 9 ulizonitumia, na ukizitazama vizuri utaona karibu zote zinahusu tarehe: siku aliyoumia, siku aliyojaza fomu, siku fomu iliporudi. Jaji alisimama getini akauliza tiketi. Mechi yenyewe hakuiangalia.

Kabla sijaeleza zaidi, chukua kalenda. Siku amri ilipoingizwa kwenye rejista ya mahakama, hesabu mbili zilianza. Ya kwanza ni siku 28 za kumwomba jaji yuleyule aibadilishe amri yake, chini ya kanuni ya 59 ya mwenendo wa mashauri ya madai. Hizi haziongezwi hata kwa siku moja, hata jaji akiwa na huruma. Ya pili ni siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa, ambayo kwa Texas huenda Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5. Akiwasilisha ombi lake ndani ya zile 28, hesabu ya rufaa inasimama mpaka jaji atakapolijibu. Wiki 2 zimeshaliwa. Mfungwa ana nafuu moja tu katika jambo hili: tangu kesi ya Houston dhidi ya Lack ya mwaka 1988, karatasi yake huhesabiwa imewasilishwa siku aliyoikabidhi kwa maofisa wa gereza ili itumwe, si siku iliyofika masjala. Kwa hiyo aandike chini ya karatasi kwamba ameikabidhi tarehe fulani, athibitishe kwamba anasema kweli chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na asaini. Mstari huo mmoja umeokoa watu wengi.

Sasa tuje kwenye sababu, maana usipoielewa utadhani ni uonevu wa jaji mmoja.

Mdogo wako ametumia kile ambacho Wamarekani hukiita kifungu cha 1983. Namba hiyo si mwaka. Sheria yenyewe ni ya 1871, enzi za Rais Ulysses Grant, ilipotungwa kupambana na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi kule Kusini, ambako Weusi waliotoka utumwani juzi tu walikuwa wakiuawa na wakuu wa polisi wakigeuza nyuso. Inasema mtu yeyote anayetumia mamlaka ya jimbo kumnyima mwingine haki zake za kikatiba anaweza kushtakiwa na kulipa. Ikalala usingizi karibu miaka 90. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamsha mwaka 1961 katika kesi iliyowahusu polisi wa Chicago, na mwaka 1964 ikathibitisha kwamba hata aliye gerezani anaweza kuitumia. Wafungwa wakaitumia kweli, kwa maelfu.

Kisha ikaja 1996. Wanasheria wakuu wa majimbo walikuwa wakizunguka na hadithi za kesi za kuchekesha za wafungwa, na iliyovuma kuliko zote ni ya mfungwa aliyeishtaki serikali kwa kupewa siagi ya karanga ya aina asiyoitaka. Watu wakacheka, wabunge wakakasirika. Jaji mmoja wa rufaa, Jon Newman, alifukua majalada akaonyesha habari yenyewe ilikuwa tofauti: mfungwa alinunua kopo dukani gerezani kwa pesa yake, akaletewa lisilo lake, akalirudisha, na pesa ikakatwa hivyo hivyo. Kwa mfungwa, pesa ya kopo moja si mzaha. Lakini ufafanuzi haukubadilisha kitu. Tarehe 26 Aprili 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kurekebisha mashauri ya wafungwa, iliyopitishwa ikiwa imechomekwa ndani ya muswada wa matumizi ya serikali. Mimi siipendi sheria hii, sikufichi. Ila ndiyo inayotawala, na mengi nitakayokuambia yanatoka humo.

Kiini chake ni sentensi moja: mfungwa hawezi kufungua kesi kuhusu hali ya gerezani mpaka amalize njia za malalamiko zilizopo ndani ya gereza lenyewe. Inasikika kama jambo la busara. Ukigombana na jirani, huanzi kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla ya kwenda polisi? Ugumu uko kwenye neno "amalize". Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisema lazima amalize hata kama anachotaka ni fidia ya pesa na gereza halina uwezo wa kumlipa senti. Mwaka 2002 ikasema sharti linahusu hata kupigwa na askari. Mwaka 2006, katika Woodford dhidi ya Ngo, ikaja ile iliyomkamata mdogo wako: kumaliza maana yake ni kumaliza sawasawa, kwa kufuata tarehe zote za gereza. Mfungwa yule wa California alikuwa na siku 15 za kazi, yeye akapeleka baada ya takriban miezi 6. Gereza likakataa kwa kuchelewa, na mahakama ikamwambia kwamba malalamiko yaliyochelewa ni sawa na yasiyopelekwa.

Magereza ya jimbo la Texas yana ngazi mbili. Fomu ya kwanza ndani ya siku 15 tangu tukio, na usiporidhika na jibu, ya pili ndani ya siku 15 nyingine. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba kesi nyingi za wafungwa hushindwa siku ya 16, wakati mwenyewe yuko kitandani na maumivu, hajawaza mahakama wala jaji, na aliyeweka kanuni za fomu ni idara ileile anayotaka kuilalamikia.

Lakini hapa ndipo nataka ukae chini vizuri, kwa sababu kuna swali moja ambalo jaji hakulijibu, na barua yako pia haikulitaja. Mkono uliovunjika ni upi? Mdogo wako anaandikia mkono gani?

Siulizi kwa udadisi. Mwaka 2003 Mahakama hiyohiyo ya Mzunguko wa 5 iliamua kesi ya Days dhidi ya Johnson. Mfungwa alikuwa wa Texas. Alianguka, akavunjika mkono wa kulia, naye anaandikia kulia. Hakuweza kuandika fomu ndani ya muda. Mkono ulipopona akaandika, gereza likamrudishia kwa kuchelewa, na mahakama ya chini ikaifuta kesi yake. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo. Ilisema njia ya malalamiko ambayo mtu hawezi kuitumia kwa sababu ya jeraha la mwili haikuwepo kwake, mradi mambo mawili yatimie: kilichomchelewesha ni jeraha lenyewe, na alipopata uwezo alijaribu kupeleka fomu, nayo ikakataliwa kwa kuchelewa. Isome tena hiyo sentensi, kisha soma barua yako. Mdogo wako alipeleka alipopata nafuu, na ikarudi.

Sehemu moja ya hukumu ile, inayohusu nani anatakiwa kueleza kwenye hati ya madai kwamba amemaliza njia za ndani, ilipitwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2007, Jones dhidi ya Bock. Bahati nzuri mabadiliko hayo yalimpendelea mfungwa: sasa ni kazi ya gereza kuonyesha kwamba hakumaliza. Na mwaka 2016, katika Ross dhidi ya Blake, Mahakama ya Juu ilikataa kuwaachia majaji wasamehe kwa kuona tu kuna "mazingira ya pekee", lakini ikakaza kwamba mfungwa anadaiwa kumaliza njia zinazopatikana kweli. Ikataja namna tatu ambazo njia inakuwa jina tu: pale ambapo maofisa hawana uwezo au nia ya kumsaidia yeyote, pale ambapo utaratibu umefumbika mpaka mtu wa kawaida hawezi kuufuata, na pale ambapo maofisa wenyewe wanamzuia kwa hila, kwa kumdanganya au kumtisha. Kwa hiyo muulize pia: aliomba fomu akanyimwa? Kuna aliyemwambia asubiri mpaka mkono upone ndipo aandike? Jina la ofisa, zamu, siku. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba ubishi wa namna hii ukifungamana na kiini cha madai yenyewe, mfungwa ana haki ya kusikilizwa na baraza la raia wa kawaida, wanaloliita "jury", haiishii kwa jaji peke yake.

Nisikupambe, kuna kikwazo. Ombi la siku 28 halikuwekwa kwa ajili ya kuleta hoja ambayo mtu angeweza kuileta mwanzo akanyamaza. Kwa hiyo pekua karatasi alizopeleka kabla ya amri. Kama hata kwenye kona alishaandika kwamba hakuweza kushika kalamu, ombi linakuwa na miguu: alitaja, jaji akapita. Kama hakuwahi kutaja, bado aandike, aambatanishe kiapo chake na kumbukumbu za zahanati, lakini asiweke matumaini yote hapo. Na gereza watamuuliza swali la haki kabisa: katika wiki hizo ulikuwa hutumii mkono mwingine? Hakuna mwenzako aliyeweza kukuandikia? Awe na jibu la kweli. Ugeni wa lugha ya Kiingereza nao autaje kama upo, ila hoja hiyo ni dhaifu ikisimama peke yake.

Tukitoka hapo, amri ina kipande kingine ambacho hukukiuliza. Madai dhidi ya jimbo na idara ya magereza yameondolewa kwa sababu nyingine kabisa, na hayo yaache yaende. Chini ya kifungu cha 1983 anashtakiwa mtu. Jimbo si mtu kwa maana hiyo, Mahakama ya Juu ilishasema hivyo mwaka 1989, na halilipi fidia. Wala mkuu wa gereza hashtakiwi kwa kuwa ni mkuu tu. Lazima ionekane yeye mwenyewe alifanya au aliacha kufanya nini. Wanaobaki ni askari aliyesukuma na nesi aliyetoa vidonge. Wafungwa wengi wanaoandika wenyewe hujaza orodha ya wadaiwa kuanzia gavana kushuka chini, wakidhani wingi ni nguvu. Jaji anaona msitu, anaanza kufyeka, na mara nyingine anafyeka na mti uliokuwa na matunda.

Sasa yale maneno matatu, "dismissed without prejudice". Maana yake kesi imefutwa bila kuathiri haki ya kuifungua tena. Watu wakiyasoma hufurahi, nami huwa nawauliza: ifunguliwe tena vipi? Kama kosa lilikuwa kupitwa na zile siku 15 za fomu, siku hizo hazirudi. Mlango umeachwa wazi lakini ngazi imeondolewa. Na kesi iliyofutwa namna hii, kwa hesabu za ukomo wa muda, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, huchukuliwa kama haikuwahi kufunguliwa. Miezi yote iliyokaa mahakamani haikusimamisha chochote. Ukomo wa kesi za namna hii hufuata sheria ya jimbo kuhusu majeraha ya mwili, na kwa Texas ni miaka 2. Mdogo wako yuko mwezi wa 19. Zipo hukumu za Mzunguko wa 5 zinazosimamisha hesabu wakati malalamiko ya ndani yanashughulikiwa, lakini fomu yake ilikataliwa kwa kuchelewa, kwa hiyo wapinzani watabishia kila siku anayoidai. Fanya kama siku hizo hazipo.

Dada, jambo kubwa kuliko yote umelitupia mwisho wa barua kama salamu: anatoka baada ya miezi 3.

Lile sharti la kumaliza malalamiko linamfunga mfungwa aliyeko kifungoni wakati anafungua kesi. Mahakama za rufaa za shirikisho zilizolitazama jambo hili zimesema mtu aliyeshatoka, akifungua kesi mpya akiwa uraiani, si mfungwa kwa maana ya sheria ile, hata kama tukio lilitokea ndani. Haulizwi fomu wala siku 15. Piga hesabu: miezi 19 na 3 ni 22. Akitoka kama mnavyotegemea, anabaki na miezi 2 hivi kabla ya miaka 2 kutimia. Ni nyembamba, lakini inapitika. Hati ya madai iandikwe kuanzia leo, iwe tayari, na asiipeleke mapema kwa papara akiwa bado ndani, kwani kinachotazamwa ni alikuwa wapi siku aliyofungua.

Kuna mitego. Kutoka kwake kukichelewa, tuseme bodi ya parole ikaahirisha, usikae unasubiri mpaka mwezi wa 25. Ukifika mwezi wa 23 yuko ndani, afungue hivyo hivyo akisimama juu ya hoja ya mkono. Akipelekwa kwanza kwenye nyumba ya mpito inayosimamiwa na serikali, uliza mwanasheria kabla ya kufungua, maana huko anaweza kuhesabika bado yuko kizuizini. Na kama hana uraia, nadhani unajua kinachoweza kumngoja getini: gari la uhamiaji. Hilo likitokea msione kesi imekufa. Mahakama ya Mzunguko wa 5 ilishasema mwaka 1997 kwamba mtu anayeshikiliwa na uhamiaji si mfungwa kwa maana ya sheria hii. Shida yake hapo itakuwa ya kivitendo zaidi: kuhamishwa vituo, kupoteza karatasi, kurudishwa nchini kabla shauri halijaiva. Ndiyo sababu nakala zote zikae kwako.

Kutoka kunabadilisha na mambo ya wakili. Sheria ya 1996 iliweka dari kwenye ada anayoweza kulipwa wakili wa mfungwa aliyeshinda, ndogo kiasi kwamba wengi hawapokei hata simu. Dari hiyo inahusu kesi zilizofunguliwa na mtu akiwa kifungoni. Mtu huru mwenye eksirei ya mfupa uliounga vibaya anasikilizwa kwa sikio jingine. Anza kutafuta sasa, waambie tarehe ya kutoka na tarehe ya ukomo kwenye sentensi ya kwanza.

Kuhusu pesa. Ada ya kufungua kesi mahakama ya shirikisho ni dola 350 kwa mfungwa aliyekubaliwa kama asiye na uwezo, na kwake hiyo haina msamaha, ina kulipwa kidogo kidogo tu. Kila mwezi wanachukua asilimia 20 ya kilichoingia kwenye akaunti yake ya gerezani mwezi uliotangulia, kila salio linapozidi dola 10, hadi ziishe. Kesi kufutwa hakufuti deni. Na kilichoingia ni pamoja na unachomtumia wewe: ukituma dola 100 anunue sabuni na tambi, 20 zinakwenda mahakamani. Akikata rufaa, kuna ada nyingine ya dola 605, na tangu 2016 Mahakama ya Juu imesema makato ya kesi mbili yanakwenda sambamba, yaani asilimia 40. Ndiyo maana sikimbilii kukwambia akate rufaa. Ombi la siku 28 kwa jaji halina ada. Kesi mpya akiwa huru, kama hana kipato, anaweza kusamehewa ada yote, kwa kuwa ulipaji wa lazima kwa mafungu ni wa wafungwa peke yao.

Pia tazama kama popote kwenye amri jaji ameandika neno "strike". Wamelitoa kwenye besiboli, mchezo ambao mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Mfungwa ambaye kesi zake tatu zimefutwa kwa kuwa ni za upuuzi, za uovu, au hazionyeshi dai lolote kisheria, hawezi tena kufungua kwa mafungu. Alipe ada nzima siku hiyohiyo, isipokuwa yuko kwenye hatari ya karibu ya kuumizwa vibaya mwilini. Kufutwa kwa sababu ya kutomaliza malalamiko kwa kawaida hakuhesabiwi, na katika kurasa 9 ulizotuma sijaona neno hilo. Lakini ukurasa wa mwisho umekatika pembeni, upige picha upya.

La kufungua kwa jina lako: hapana. Haki iliyovunjwa ni yake, na katika mahakama za shirikisho mtu hujiwakilisha mwenyewe au huwakilishwa na wakili mwenye leseni. Ndugu, hata awe amemlea, hawezi kusaini kwa niaba yake. Nimeona familia zikiandika hati nzuri sana, dada akasaini kwa sababu barua za gerezani zinachelewa, na hati ikaondolewa kwenye jalada. Na kama uliwahi kumpigia simu mkuu wa gereza, hayo hayakuwa malalamiko kwa maana ya sheria, hata kama ulipiga kumi. Kazi yako ni nyingine, na ni kubwa. Fungua akaunti kwenye mfumo wa majalada wa mahakama za shirikisho unaoitwa PACER. Wanatoza senti 10 kwa ukurasa, haizidi dola 3 kwa hati moja, na matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka hawakutozi kitu. Humo utaona kila kinachoingia siku kinapoingia, wakati yeye atakipata kwa barua baada ya siku kadhaa. Akihamishwa gereza, siku hiyohiyo aandikie masjala anwani mpya. Kesi nzuri zimefutwa kwa sababu barua ya jaji ilirudi ikiwa imegongwa muhuri kwamba mpokeaji hayupo.

Ulitaja mambo ya kwetu. Ni kweli: Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na ya Kenya ya 2010 ina maneno ya jamaa hiyo kwenye ibara ya 159. Usisahau yale maneno "kupita kiasi" lakini. Hata Dodoma na Nairobi, rufaa iliyochelewa bila sababu hutupwa. Marekani nao wana huruma yao kwa anayejiandikia: tangu Haines dhidi ya Kerner, 1972, karatasi ya mfungwa husomwa kwa upole, Kiingereza kibovu hakimwangushi, na jaji anatakiwa atafute dai lililojificha ndani ya maneno. Huruma hiyo ni ya lugha. Kwenye tarehe haifiki.

Mwisho nikuandae kwa kitakachokuja tukivuka geti. Kiwango cha kesi za matibabu gerezani kiliwekwa mwaka 1976 na kesi iliyotoka Texas, Estelle dhidi ya Gamble. Mfungwa aliangukiwa na robota la pamba la ratili 600 akiwa kazini. Aliandika kesi kwa mkono, ikafika mpaka Mahakama ya Juu, ikazaa kanuni inayotumika nchi nzima kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili iliyokatazwa na Katiba. Na yeye mwenyewe akashindwa, kwa sababu hati yake mwenyewe ya madai ilionyesha wahudumu wa afya walimwona mara 17 ndani ya miezi 3. Uzembe wa daktari hautoshi. Inabidi ionekane nesi alijua kuna hatari kubwa na akaipuuza. Kwa hiyo wiki zile 7 zinahitaji ushahidi wa kila alipokwenda dirishani kuomba: karatasi za maombi ya matibabu, tarehe, alichojibiwa. Aombe nakala ya jalada lake la zahanati kabla hajatoka.

Mimi si wakili wenu kwenye shauri hili, na sijaona karatasi zake zote. Nijibu leo mambo mawili: anaandikia mkono gani, na tarehe iliyogongwa juu ya ukurasa wa kwanza wa amri, siyo ile iliyo chini penye saini ya jaji.